Maji ya Ubatizo Yasiwe Maji ya Fitina

KATIKA nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, wilayani Kibondo na Kasulu, upo mjadala wa miaka mingi ambao msomaji wa Unguja au Pemba huusikia kwa mbali, na pengine huudhania kuwa ni jambo dogo. Ndugu zetu Wakristo wa huko huulizana: Je, yafaa kumbatiza mtoto mchanga asiyejua kusema wala kukiri? Au ubatizo ni wa mtu aliyekwisha kusikia, akaamini, na akaitamka imani yake kwa kinywa chake mwenyewe? Swali hilo huzaa jingine lililo kubwa kuliko hilo: mwanadamu huokolewa kwa nini, na huokolewa lini?

Sisi tunasema jambo hili si dogo, na wala si la Wakristo peke yao. Kazi za Uhamiaji na Polisi ni za Muungano, na vijana wa visiwani hupangiwa kazi popote katika Jamhuri, ikiwamo mipaka ya magharibi. Mtumishi asiyejua kinachowagawa watu anaowahudumia atakuwa hakimu mbaya, hata pale ambapo hakupaswa kuwa hakimu kabisa. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa utulivu, kumpa kila mmoja haki yake, na kisha kusema bila ya kificho ni nini kinachoipasa serikali na ni nini kisichoipasa.

Tuanze na asili ya jambo. Mapadri wa Shirika la White Fathers walifika Ujiji mwaka 1879, na baadaye Ukatoliki ukapanda kutoka ziwani hadi milimani kwa Waha. Vikarieti ya Kigoma iliundwa mwaka 1946, ikawa Jimbo mwaka 1953. Kwa upande wa Waanglikana, wamisionari wa CMS kutoka Australia walianza kazi Tanganyika ya Kati mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers, na hatimaye wakafika Buha. Mwaka 1966 ikaundwa Dayosisi ya Western Tanganyika, makao yake makuu Kasulu, na askofu wake wa kwanza akawa Musa Kahurananga. Waadventista Wasabato nao walijenga Hospitali yao ya Heri, na Wapentekoste wakaeneza makanisa yao vijijini. Wakatoliki na Waanglikana hubatiza watoto wachanga. Waadventista na Wapentekoste hawabatizi ila aliyeamini mwenyewe, tena kwa kuzamishwa, ambako watu wa huko hukuita ubatizo wa maji mengi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Kizazi cha kwanza cha Wakristo wa Buha hakikuwa na sababu kubwa ya kugombana juu ya jambo hili, kwa kuwa karibu wote walibatizwa wakiwa watu wazima. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa White Fathers, aliagiza kwamba mtu asibatizwe kabla hajafundishwa na kuchunguzwa mwenendo wake kwa miaka minne. Hata Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki, hakubatizwa utotoni. Alibatizwa tarehe 23 Desemba, 1943, huko Nyegina karibu na Musoma, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Ugomvi ulipata nafasi pale waongofu hao walipozaa. Je, mtoto wa mwamini huzaliwa ndani ya nyumba ya imani, au huzaliwa nje na kungoja mpaka agonge mlango mwenyewe?

Wanaobatiza watoto wana hoja zao. Wanasema neema ya Mungu humtangulia mwanadamu, haimngojei. Mtoto hakuchagua kuzaliwa, hakuchagua jina wala kabila, na hata hivyo hupewa vyote hivyo kwa mapenzi. Basi kwa nini anyimwe lililo bora kuliko yote? Wanakumbusha kwamba katika Kitabu cha Matendo ya Mitume watu walibatizwa pamoja na nyumba zao nzima, kama Lidia na mlinzi wa gereza wa Filipi. Wanakumbusha vile vile kwamba Mtume Paulo, alipowaandikia Wakolosai, aliuweka ubatizo karibu na tohara, na tohara katika Agano la Kale ilifanywa siku ya nane. Kisha husema kwamba imani ya mtoto hubebwa kwanza na wazazi, wasimamizi na kanisa, mpaka atakapokua na kuithibitisha mwenyewe katika Kipaimara.

Wanaokataa nao wana hoja zao, tena si nyepesi. Wanasema kila palipotajwa ubatizo katika Agano Jipya, kuhubiriwa hutangulia, kuamini hufuata, na maji huja nyuma yake. Katika habari za zile nyumba zilizobatizwa, wanasema, hakutajwa mtoto mchanga hata mmoja. Imani haikopeshwi; baba hawezi kutubu kwa niaba ya mwanawe, kama asivyoweza kula akashiba mwingine. Tena wanaonya kwamba mtu aliyebatizwa kabla hajajitambua aweza kuishi miaka sitini akijihesabu Mkristo kwa cheti, na moyo wake haujapata kuguswa.

Mabishano haya hayakuletwa na mwinjilisti yeyote wa juzi. Yalikuwapo katika bara letu hili la Afrika kabla ya Ulaya ya Kaskazini kuijua Injili. Kunako mwaka 200, Tertullian wa Carthage, katika nchi iitwayo leo Tunisia, alishauri watoto wangojewe wakue. Nusu karne baadaye, katika mji huo huo, Askofu Cyprian pamoja na maaskofu wenzake waliamua kwamba mtoto asicheleweshwe hata kufikia siku ya nane. Augustino wa Hippo, katika Algeria ya leo, ndiye aliyeipa nguvu kubwa hoja ya kuwabatiza wachanga kwa sababu ya dhambi ya asili. Naye mwenyewe alikuwa amebatizwa mwaka 387, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na miwili. Wakubwa hao walitofautiana, na kanisa halikukoma.

Yaliyofuata Ulaya yanatisha zaidi. Mnamo Januari 1525, mjini Zürich, kikundi kidogo cha Wakristo kilianza kuwabatiza upya watu wazima waliokuwa wamebatizwa utotoni. Baraza la mji likaona kwamba huo ni uasi dhidi ya dola, kwa kuwa daftari la kanisa na daftari la raia lilikuwa kitu kimoja. Mwezi Januari 1527 mmoja wa viongozi wao, Felix Manz, alizamishwa katika mto Limmat mpaka akafa. Watendaji wetu na walitafakari hilo. Siku serikali inapochagua upande katika suala la maji ya ubatizo, maji hayo hayo hugeuka kuwa kitanzi.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba sisi tumekuwa watazamaji tu katika jambo hili. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyeshika kiti hicho tangu 1908 hadi alipofariki mwaka 1924, ndiye aliyeutikisa ulimwengu wa Waanglikana kwa sababu ya mkutano uliofanyika Kikuyu, Kenya, mwaka 1913. Katika mkutano ule maaskofu wa Mombasa na Uganda walikubaliana na misheni nyingine za Kiprotestanti juu ya mpango wa ushirikiano. Weston, mtu wa UMCA, aliwashitaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wameiacha imani ya kanisa. Shina la mashitaka yake lilikuwa uaskofu na meza ya Bwana, lakini katika orodha ya mambo aliyoyaona yamekosekana katika mpango ule, ubatizo wa watoto ulikuwamo. Kwa hiyo Mkunazini ulikuwa na sauti katika jambo hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Tena historia hiyo hiyo ina upande wa pili, nao ni wa faraja. Waanglikana wa UMCA wa pwani na visiwani, waliosisitiza kwamba mtoto huzaliwa upya katika maji yale, na Waanglikana wa CMS wa bara, waliosisitiza toba na kuongoka kwa moyo, walikubali kukaa katika Jimbo moja la Kanisa la Tanzania lililoundwa mwaka 1970. Musa Kahurananga wa Kasulu akawa Askofu Mkuu tangu 1979 hadi 1983. Aliyempokea mwaka 1984 ni John Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar na Askofu wa Zanzibar na Tanga. Kijiti kilitoka milima ya Buha kikaja visiwani, na hakuna aliyemtaka mwenziwe abatizwe upya.

Hata hivyo, ndani ya makanisa yale yale yanayobatiza watoto, swali la wokovu halikulala. Mwamko wa Afrika Mashariki, ambao chimbuko lake ni Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na ambao majina ya Simeoni Nsibambi na Daktari Joe Church hayatenganiki nao, ulivuka mipaka ukaingia Burundi, Kenya na Tanganyika. Walokole hawakuuvunja ubatizo wa utotoni. Waliuliza swali jingine: umebatizwa, sawa, lakini je, umeokoka? Swali hilo liliwakasirisha wakubwa wengi. Mwaka 1941, katika Chuo cha Bishop Tucker huko Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa kwa kung'ang'ania mikutano yao ya alfajiri ya maombi na mahubiri. Na bado Walokole wengi hawakutoka kuunda dhehebu. Walibaki ndani wakilikera kanisa lao na kulihuisha. Huo ni ustaarabu wa kutofautiana ambao wengi wangeweza kujifunza.

Sasa tuje kwenye madhara, maana hatuandiki kwa kupenda historia tu. Operesheni ya Vijiji iliyofanyika mkoani Kigoma kuanzia mwaka 1972 iliwakusanya pamoja watu waliokuwa wakiishi mbali mbali, kila mmoja karibu na kigango chake. Baadaye wakaja wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini; Kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Watu hao walikuja na makanisa yao: Wapentekoste wa CEPAC na CELPA, ambao chimbuko lao ni misheni za Sweden na Norway, Wamethodisti Huru ambao kwao ubatizo wa watoto unaruhusiwa, Waanglikana, na Wakatoliki kwa wingi. Watu wenye majibu tofauti juu ya swali moja wakawa wanachota maji katika bomba moja.

Panapokuwa hivyo, ndoa huunganisha watu wa makanisa mawili. Mtoto anapozaliwa, bibi mzaa baba anataka apelekwe kubatizwa kabla ya arobaini, na mama anasema mwanangu atabatizwa siku atakapoomba mwenyewe. Mtoto akiugua, hofu huingia nyumbani. Akifariki, uchungu wa mauti huongezewa uchungu wa swali: yuko wapi? Hatuujui msiba mzito kuliko wa mzazi anayeambiwa kaburini kwamba kichanga chake kimepotea kwa sababu ya maji. Ni vema ijulikane kwamba hata Kanisa Katoliki, ambalo linahimiza sana ubatizo wa mapema, tume yake ya kimataifa ya wanateolojia ilitoa waraka mwaka 2007 ukieleza kwamba ipo sababu nzito ya kutumaini rehema ya Mungu kwa watoto wafao kabla ya kubatizwa. Nao wasiobatiza watoto wanafundisha kwamba mtoto asiye na akili ya kuchagua hahukumiwi. Basi pande zote mbili, zinaposimama mbele ya kaburi dogo, zinakaribiana kuliko zinavyodhani. Anayetumia kaburi hilo kuhubiri ushindi wa dhehebu lake amekosa adabu kwa Mungu na kwa waja wake.

Dhara la pili ni kubatiza upya kwa lengo la kutambiana. Kwa aliyebatizwa utotoni, kuambiwa kwamba hakubatizwa bali aliogeshwa tu, ni kuambiwa kwamba wazazi wake na mapadri wake walikuwa waongo. Kwa anayeamini ubatizo wa utu uzima, kukatazwa asitii dhamiri yake ni dhuluma vile vile. Tume ya Imani na Utaratibu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ilikutana Lima, nchini Peru, mwezi Januari 1982, ikatoa waraka juu ya Ubatizo, Ekaristi na Huduma. Waraka huo uliwataka Wakristo waepuke tendo lolote linaloweza kuonekana kama kubatiza upya, na papo hapo ukaonya wale wanaobatiza watoto wasiwabatize kiholela bila ya malezi. Kila upande ulipewa dawa yake, chungu kwa kiasi chake.

Je, serikali ifanye nini? Wako watakaosema: ipige marufuku kubatiza upya, amani ipatikane. Tunawajibu kwamba njia hiyo imekwisha kujaribiwa kwa jirani. Zaire ya Mobutu, kwa sheria ya mwisho wa mwaka 1971, iliyafungia makanisa ya Kiprotestanti katika mwavuli mmoja wa Kanisa la Kristo, na nje ya mwavuli huo hakukuwa na kibali ila kwa wachache. Chini ya mwavuli huo waliwekwa wanaobatiza watoto na wasiobatiza. Walipewa namba za jumuiya, na kila jumuiya ikaendelea kuamini ilivyoamini. Sheria iliweza kupanga majina katika daftari. Haikuweza kupanga imani katika nyoyo.

Sisi tunayo njia yetu. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaufanya uhuru wa kuabudu na kueneza dini kuwa jambo la hiari ya mtu, na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo, katika ibara yenye namba hiyo hiyo, inaulinda uhuru huo. Chama tangu enzi za TANU na ASP kimesimama juu ya usawa wa binadamu, si juu ya usawa wa waliobatizwa namna moja. Kwa hiyo tunawaambia watendaji mambo matatu.

Kwanza, cheti cha ubatizo kisigeuzwe kuwa kipimo cha uraia. Imezoeleka kwamba mtu anayeomba cheti cha kuzaliwa akiwa amechelewa huleta cheti cha ubatizo kuwa mojawapo ya vielelezo. Hilo si kosa. Lakini mtoto wa Mpentekoste au Muadventista hana cheti hicho mpaka akue, na mtoto wa Muislamu hatakuwa nacho maisha yake yote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya jina na uraia, na inamtaka mzazi amsajili. Katika wilaya za mpakani, ambako swali la nani ni raia huulizwa kila siku, afisa anayeng'ang'ania karatasi ya kanisa anaweza kumfanya mtoto wa Kiha kuwa mgeni katika kijiji cha babu yake. Dawa ni kusajili watoto mapema na kwa haki, si kuwapima kwa dhehebu.

Pili, makaburi ya kijiji ni ya wanakijiji wote. Kanisa lina haki ya kuamua ni nani atakayesomewa ibada yake. Halina haki ya kumfungia maiti ardhi ya umma. Mtendaji wa kijiji alisimamie hilo kwa upole, tena mapema, kabla jeneza halijafika.

Tatu, ofisa asiwe mwamuzi wa teolojia. Wanandoa wakimjia na ugomvi wa ubatizo, kazi yake ni kuuliza kama pamekuwa na kipigo, vitisho au mtoto aliyetelekezwa. Hayo yana sheria. Nani mwenye tafsiri sahihi ya Matendo ya Mitume, hilo halimo katika mamlaka yake, hata kama yeye mwenyewe ni shemasi au ni mwana wa maalim.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani tuna neno moja. Tumewahi kuwasikia watu barazani wakicheka kwamba Wakristo wa bara wanagombania maji. Sisi tuliokalishwa mkekani mbele ya juzuu kabla hatujakalishwa kwenye dawati la serikali tunajua kwamba kwetu nako watu wamenuniana kwa sababu ya mwezi mwandamo, na wamekimbiana misikiti kwa sababu ya maulidi na khitma. Na jambo lenyewe wanaloulizana wenzetu halitupiti mbali: mtoto huzaliwa na nini mbele ya Mola wake, na ni lini matendo yake huanza kuandikwa? Dini yetu ina jibu lake, yao ina majibu yao. Nyani haoni kundule. Lakini mwanadamu amepewa akili ili aone.

Na kwa viongozi wa makanisa ya Kibondo na Kasulu tunasema: fundisheni mnachoamini, tena kwa nguvu, kwa kuwa imani isiyofundishwa hufa. Lakini msimdharau anayengoja, wala msimdharau aliyewahi. Anayembatiza mchanga anatangaza kwamba Mungu hutangulia; anayengoja anatangaza kwamba mwanadamu hana budi kuitika. Mkitofautiana juu ya lipi lije kwanza, tofautianeni kama ndugu wa tumbo moja, wanaojua kwamba jioni watarudi kula katika sinia moja.

Malagarasi hupokea mito mingi, mingine kutoka Burundi na mingine kutoka milima ya Buha, na yote huipeleka Ziwa Tanganyika. Wananchi wa Kibondo na Kasulu wamebeba mzigo wa vita vya jirani kwa miongo mingi na hawakufunga milango yao. Watu walioweza kuwakaribisha wageni kwa maelfu hawashindwi kuvumiliana na jirani aliyebatizwa kwa maji mengi, au kwa machache, au asiyebatizwa kabisa.